Shali ya Toleo Lijalo

Shali ilikuwa imeteleza kutoka kwenye kiti cha mama na kutambaa sakafuni hadi karibu na mlango, kama kitu kilichokuwa kikimfuata mtu kikachoka njiani. Sindano za kufumia zilibaki zimechomekwa ukingoni mwake. Sikuiokota. Kila asubuhi niliiruka tu, nikaenda mezani kwangu kuandika jarida la wafadhili.

Mama alihamia kwenye nyumba hii ya wazee baada ya baba kufariki. Mimi nilikuwa nafanya kazi hapa, naye hakutaka kushinda akizungumza na kuta. Siku moja niliwaandikia wafadhili kwamba mama anafuma shali na uzi umemwishia. Ilikuwa mistari michache tu, chini ya habari za dawa na magodoro. Vifurushi vikaanza kuja: uzi wa bluu, wa kijani, wa rangi ya udongo uliolowa. Mama akaunganisha kila uzi uliofika, na tangu hapo kila toleo likabeba picha ya shali ilipofikia, mikononi mwake.

"Usiwaandikie shida, mwanangu," aliniambia. "Shida wanazo kwao. Waandikie nimegombana na nani."

Nikaandika alivyogombana na Bibi Redio, jirani yake wa kitanda, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima. Nikaandika kwamba mama angefuma rangi zote isipokuwa njano, maana njano ilimkumbusha homa. Wafadhili walicheka, wakaendelea kuchangia.

Sasa mama alikuwa amezikwa, na mkurugenzi wa nyumba alikuwa amesimama mlangoni, akitazama dari ambayo mvua ilikuwa imeichora madoa.

"Pole tena, binti. Lakini toleo lisichelewe. Bibi Redio anajua kufuma. Piga picha ya mikono tu."

"Mikono ya nani, mzee?"

"Mikono. Watu wanataka kujua shali imefika wapi. Tukiwaambia imekoma wataondoka, na paa hili litatuangukia. Mama yako mwenyewe angekubali. Alipenda mzaha."

Ni kweli, alipenda. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilimfuata Bibi Redio na kamera. Aliweka mikono mapajani, akaitazama.

"Piga," alisema. "Ila kidole cha mama yako kilipinda, kama kinamwita mtu. Wafadhili wamekizoea." Kisha akacheka bila sauti. "Nimeshindana na yule mwanamke tangu alipoingia humu. Leo mikono yangu ndiyo iwe yeye?"

Nilirudisha kamera mfukoni.

Mchana usingizi ulinichukua mezani. Niliota uzi ukipita chini ya milango ya nyumba nisizozijua, na katika kila nyumba mtu ameushika kwa vidole viwili, havuti, anasikiliza tu. Mwisho wa uzi sikuuona, lakini nilimsikia mama huko akilalamika kuhusu rangi.

Nilipozinduka niliandika: "Mama yangu amefariki, akiwa kitini, akifuma uzi wa bluu. Asubuhi ile alikuwa amegombana na Bibi Redio kuhusu dirisha. Yeye alilitaka wazi. Sasa liko wazi kutwa, na Bibi Redio haruhusu mtu alifunge. Paa bado linavuja. Shali imeishia karibu na mlango."

Mkurugenzi alisoma, akarudia kusoma. "Haya," alisema. "Tutaona."

Toleo likaenda. Kukawa kimya. Mvua ikanyesha, tukasogeza vitanda na kutandaza ndoo, nami nikawa nakwepa macho ya mkurugenzi kwenye korido.

Kisha asubuhi moja akaja na kifurushi, akakiweka mezani kwangu, akabaki amesimama. Ndani mlikuwa na donge la uzi wa njano, njano kali isiyo na haya, na kikaratasi: *Najua angekataa.*

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Niliiokota shali, nikakikokota kiti cha mama hadi dirishani.

"Nifundishe, bibi."

"Shika sindano. Siyo hivyo, hiyo si kalamu." Bibi Redio aliniunganishia njano kwenye bluu, akaniachia. "Haya. Pitisha. Vuta polepole."

Kitanzi changu cha kwanza kilitoka kimepinda. Bibi Redio alikitazama, akafungua mdomo, kisha akaufunga.