Simu ya Chini ya Ngazi

Mwanangu Garrett hapigi simu, anaandika. Kwa hiyo barua yake ilipofika Jumatano moja ya Aprili, mwaka 1991, kurasa tatu kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, nilijua kuna jambo kabla sijaifungua. Alikuwa anafikiria kujitoa kwenye chama.

Chama chenyewe ni kile cha udugu pale chuoni kwake, ambamo vijana wanaishi nyumba moja na kuitana ndugu mpaka wanazeeka. Garrett alikuwa bado mwanagenzi. Ili apokewe, aliandika, kila mwanagenzi anatakiwa achague ndugu mmoja wa zamani, aliyeshahitimu, ampigie simu, amsikilize habari za maisha yake, kisha amwalike kwenye chakula cha Wikendi ya Akina Mama na kumtambulisha mbele ya watu wote. Wenzake kumi na mmoja walikuwa wamemaliza. Yeye alikuwa hajagusa simu. Zilibaki siku kumi.

Garrett ana kigugumizi tangu akiwa na miaka minne. Chake ni cha kukwama. Mdomo unafunguka, shingo inakaza, na hakitoki kitu. Kwenye simu ni balaa zaidi, kwa sababu wa upande wa pili hamwoni. Anasema "Haloo? Haloo?" halafu anakata.

Mimi nasafisha meno ya watu katika kliniki moja ya Ottumwa, Iowa. Nina diploma ya kazi hiyo na miaka kumi na saba kwenye chumba kilekile. Watu wangu wote wako na vinywa wazi na vidole vyangu viko ndani, kwa hiyo nikiuliza swali najijibu mwenyewe, tunaendelea. Nyumbani nilifanya vivyo hivyo. Garrett akikwama kwenye neno "maziwa", mimi nimeshafungua friji. Nilidhani namsaidia.

Jumamosi nikaendesha gari saa mbili kwenda kumwona mwenyekiti wa tawi lao.

Nyumba yao ni ya matofali, ina nguzo nne nyeupe, herufi tatu za Kigiriki juu ya mlango ambazo mpaka leo nazitamka vibaya, na kochi barazani ambalo mbwa mwenye heshima zake asingelilalia. Mwenyekiti, kijana mrefu wa mwaka wa tatu aitwaye Thad Oberholt, nilimkuta jikoni akila kifungua kinywa saa saba mchana kwa bakuli la kuchanganyia saladi.

"Mama Pruss! Karibu sana. Ungetuambia unakuja tungefagia."

"Msingefagia. Kaa chini. Unajua kwamba mwanangu anakwama akisema?"

"Najua, mama."

"Basi mruhusuni aandike barua badala ya kupiga simu. Barua yake mtu anaweza kuitundika ukutani."

"Tulimruhusu."

"Nini?"

"Wiki ya kwanza kabisa. Tulimwambia andika tu, ndugu yetu, hamna shida, sisi si polisi. Akakataa. Juzi nikamwambia tena." Thad akaangalia dari. "Akanijibu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mama yake. Hayo aliyasema bila kukwama."

Nilikuwa nimetunga hotuba njia nzima, toka nyumbani mpaka pale mlangoni. Sasa sikuwa na wa kumpa.

Garrett alikuwa kwenye kijichumba cha chini ya ngazi, palipo na simu yao. Alikuwa amekaa juu ya kreti iliyofudikizwa, kati ya makoti ya watu, ameshika orodha ya ndugu wa zamani.

"Umefuata nini, Mama?"

"Nimekuja kukusaidia. Kwa nini umekataa kuandika barua?"

Akachukua muda wake. "Kwa sababu wote wamepiga," akasema.

"Haya. Basi tafuta mtu mwenye huruma."

Akaniwekea kidole kwenye jina moja. Lyle Amundson, mhitimu wa 1949, mji wa Decorah. Pembeni, kijana fulani aliyekwisha maliza chuo alikuwa ameandika kwa penseli: *Mlevi. Usimpigie.*

"Huyu? Watu wote hawa, wewe unamtaka mlevi?"

"Mlevi kesho hatakumbuka ni... nilivyoongea."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Na yeye akacheka. Kisha akanionyesha mlango.

Nikaenda kukaa kwenye ngazi. Mlango sikuufunga vizuri, na siombi radhi. Nikasikia anazungusha namba. Nikasikia anakwama kwenye jina lake, nikahesabu mpaka kumi na moja, likatoka. "Garrett Pruss. Kutoka tawini, chuoni." Vizuri. Akamwambia anapiga kwa nini. Vizuri zaidi. Akamwuliza yeye aliishi chumba gani enzi zake.

Halafu kimya.

Kijana mmoja akapita na kapu la nguo chafu, akaniangalia, akapanda juu. Bado kimya. Akashuka na kapu tupu. Bado. Kichwani nilimwona mwanangu mle ndani, shingo imekaza, na huko Decorah mzee mlevi ameshachoka, mkono unarudisha simu mahali pake. Nikainuka, nikafungua mlango, nikampokonya mkono wa simu.

"Haloo, Bwana Amundson? Mimi ni Rhonda Pruss, mama yake Garrett. Anachotaka kusema ni kwamba anakualika chakula cha jioni Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili, kutakuwa na paja la nguruwe la kuoka, na..."

Garrett akaipokonya tena. Uso wake haukuwa uso wa mtu aliyekwama. Ulikuwa wa mtu aliyekasirika.

"Mama! Si mimi! Ni yeye!"

"Yeye anafanya nini?"

"Anasema! Alikuwa ameshafika katikati!"

Ndipo nikamsikia. Pumzi ndefu, kisha sauti ya mzee inasukuma kitu kizito: "Ch... ch... cha..." Kwenye kiti changu cha kliniki nimehudumia watu wengi wenye nusu ya mdomo iliyopooza. Naijua sauti hiyo.

"Huyu hajalewa," nikamnong'oneza Garrett. "Amepata kiharusi."

"Najua," akasema. "Toka."

Nikatoka, na safari hii nikaufunga mlango.

Alikaa mle dakika hamsini. Thad akaja na bakuli lake, akakaa ngazi moja chini yangu, akauliza kunaendaje. Nikamwambia kuhusu kiharusi. Akaacha kutafuna.

"Mimi nilimpigia nilipokuwa mwanagenzi," akasema. "Nilikata. Nikaenda kuwasimulia jamaa, tukacheka wiki nzima."

"Ni wewe uliyeandika kwa penseli?"

"Hapana. Lakini sikufuta."

"Basi akija utamwambia mwenyewe."

"Nitamwambia, mama."

Garrett alitoka shati limelowa jasho kama mtu aliyebeba matofali. Akakaa kati yetu.

"Anakuja," akasema. "Na mkewe."

Mengine aliyasema polepole, na mimi na Thad tulimwacha ayaseme. Bwana Amundson alifuga bata mzinga maisha yake yote. Na ile piano ya ukumbi wa kulia, ambayo haipiti mlango wowote wa nyumba ile na vijana wamebishana miaka mingi iliingiaje, waliiingiza yeye na wenzake watatu mwaka 1948, kwa kung'oa dirisha zima usiku na kulirudisha kabla ya kifungua kinywa.

"Tena Mama," Garrett akasema, "kuna neno alikwama. Nikadhani ni 'dada'. Nikamsaidia. Kumbe ni 'dirisha'. Akakasirika, akaanza hadithi upya tangu mwanzo."

Nikampa leso ajifute jasho.

"Sikuweza kujizuia," akasema. "Ni kazi ngumu kusubiri. Sikujua kama ni ngumu hivyo."

Alikuwa na kila sababu ya kunisema, miaka kumi na tano ya sababu, na hilo ndilo alilochagua kuniambia. Nikamshika goti, kisha nikamwambia akabadilishe shati.

Jumamosi iliyofuata akina mama tulikuwa kama arobaini, kila mmoja amebandikwa ua kifuani na pini inamchoma. Bwana Amundson alifika akiwa na fimbo, tai yenye rangi za chama, na mkewe Ardis, mwanamke mwembamba mwenye buti za shambani chini ya gauni la kanisani. Thad akawapokea mlangoni. Sikumkumbusha.

"Bwana Amundson, mimi ni mmoja wa waliokukatia simu. Nilidhani umelewa. Nisamehe."

Mzee akamtazama. Mdomo ukatafuta, ukatafuta. Halafu, wazi kabisa, kama amepigilia msumari: "Mshenzi."

"Matusi hayakuguswa na kiharusi hata kidogo," Ardis akasema. "Daktari anasema ni kawaida. Ameshakusamehe, kijana. Asingekusamehe ungesikia jingine."

Mzee alikuwa ameshaegemea mkono wa Thad kuingia ndani.

Mezani nilimwuliza Bwana Amundson ni neno gani nililomkatiza siku ile. Akafikiri mpaka supu ikapoa. "Sikumbuki," akasema, na akacheka kwa upande mmoja wa uso. Ardis akanieleza kwamba aliirudia habari ya mama aliyedaka simu kwa kila jirani, na kila mara ilimchukua nusu saa.

Wanagenzi wakaanza kusimama. Kumi na mmoja walipita mbiombio kama wanaosoma orodha ya sokoni. Garrett alikuwa wa mwisho. Tukimtoa yeye na meza yetu, sidhani kama kuna aliyejua kilichokuwa kinapimwa pale. Akishindwa, vijana wangempokea hivyohivyo, Thad alikuwa ameshaniambia. Lakini Garrett mwenyewe asingekubali. Angefungasha vitu vyake usiku uleule. Namjua, ni mwanangu.

"Jina langu ni G..."

Nikashika ukingo wa meza.

"...Garrett Pruss. Mgeni wangu ni Bwana Lyle..."

Likakwama. Mdomo wazi, shingo imekaza, macho yamegota kwenye kitambaa cha meza. Uma zikatulia ukumbi mzima. Mama aliyekaa kulia kwangu akaniinamia.

"Masikini. Jamani, mtu amsaidie."

"Hapana," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Jina lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nilihisi meno yakilizuia. Nikamwangalia Bwana Amundson. Hakuwa anamtia moyo kwa kichwa, wala hakumtabasamia. Alikuwa anamsubiri tu, kama unavyomsubiri mtu anayefunga kamba za viatu. Na vijana wa ile nyumba, thelathini na wanane, wale wasiofagia, hakuna hata mmoja aliyekohoa.

"...Amundson," Garrett akasema.

Akaendelea. Alikwama kwenye bata mzinga, alikwama kwenye Decorah, akasimulia. Alipofika kwenye dirisha ukumbi ulilipuka. Kijana mmoja akakimbilia ile piano na kuipiga kibao kwa viganja vyote viwili, na Bwana Amundson akagonga fimbo sakafuni mpaka Ardis akamshika mkono.

Kesho yake asubuhi ndiyo waliwapokea wanagenzi. Hilo hufanyika chini, kwenye chumba kilichofungwa, ndugu peke yao, wapya kwa wa zamani. Akina mama hatuingii. Tunachojua ni kwamba kila kijana hula kiapo kirefu kwa mdomo wake. Bwana Amundson alishushwa ngazi na vijana wawili. Mimi na Ardis tulibaki jikoni tukikausha vyombo vya jana, maana vijana hawa walikuwa wameviacha hivyo hivyo.

"Jarida lao linafika kila msimu," Ardis akaniambia. "Ukurasa wa mbele wameandika wanataka kusikia kutoka kwetu. Lyle analisoma lote, jina kwa jina. Halafu anakaa karibu na simu. Miaka sita, Rhonda. Ikilia, anayeulizwa ni mimi. Kila masika alikuwa anapata kijana mmoja wa kumkatia. Mwaka jana hakupata hata huyo." Akakausha sahani ambayo ilikuwa imeshakauka. "Mwanao alimsubiri. Sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru mimi," nikasema. "Mimi nilimkatiza."

"Hilo najua. Kaunti nzima inajua."

Tukamaliza sahani, tukamaliza vikombe. Mlango wa chini ulikuwa bado umefungwa. Tukatoa kabatini vyombo vilivyokuwa safi tukavipangusa na hivyo.

Hatimaye wakapanda. Garrett alikuwa na beji kwenye koti na mkono wa Bwana Amundson begani. Nilikuwa na maswali kumi. Niliweka kitambaa chini.

"Mama," akasema, "nime..."

Nilijua maneno matatu ambayo yangeweza kuwa. Sikusema hata moja. Ardis alikuwa ananiangalia.

"...nimekwama mara nne," akasema. "Mara nne nzima."

"Na wao wakafanya nini?"

"Wamekaa tu. Hakuna aliyeangalia saa."

Ardis akamkatia mumewe kipande cha nyama ya jana. Mimi nikaenda ukumbini kumshukuru kila kijana niliyemkuta, mmoja mmoja, kwa kumshika mkono, wenye viatu na wasio na viatu. Nilikuwa nimefika wa ishirini na kitu pale Garrett aliponifuata kuniambia kwamba inatosha, nawaaibisha. Nikamwambia bado kumi na watano, na asubiri.