Kufuli Aliyedai Mji

Usiku wa jana, hata bismillahi sijaimaliza, ndoto ikanichukua. Nimesimama mbele ya nyumba ya marehemu mama, Muheza. Mlangoni ananing'inia Kufuli mkubwa kama sinia, amevaa miwani.

"Nywila," anasema.

Ndani ya nyumba namsikia mama. "Kitendawili!" anaita. Hakuna wa kumwitikia "Tega!" Anangoja kidogo, anaita tena.

Hapa nieleze jambo, maana hili si la ndoto. Mama alifariki mwezi uliopita. Alipotutembelea mara ya mwisho alikaa jikoni na binti yangu Salha, akamtegea vitendawili vyake vyote, naye Salha akamrekodi kwenye kishikwambi. Mimi nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari. Nikajisemea nitavisikiliza baadaye. Tulipotoka matangani nikamwambia Salha abadilishe nywila, maana ndivyo ninavyowafundisha watoto shuleni: iwe ndefu, isiwe jina la mtu, na usimwambie yeyote, hata mimi. Akabadilisha. Tangu siku hiyo anasema amesahau. Kishikwambi kimebakiza jaribio moja. Tukikosea, kinafuta kila kitu, na sauti ya mama haipo kwingine kokote duniani.

"Mwanakombo," namwambia Kufuli. Ndilo jina la mama.

"Jina la mtu! Na wewe mwalimu mzima!" Anafungua kinywa, analimeza. Hapohapo nasahau mama yangu aliitwa nani.

"Basi mwaka aliozaliwa..."

"Usithubutu."

Namgeukia Salha. Yupo kando yangu na sare zake za shule. "Mwanangu, sema basi." Anafungua mdomo, lakini kila anachosema kinatoka kama vitone vyeusi, vile vinavyoficha nywila kwenye kioo cha simu. Vinadondoka sakafuni, tob, tob. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye huyo, anachafua sakafu. Nachukua ufagio, navikusanya.

Kufuli anainama kuvitazama. "Vimetimia, nywila nzima ipo," anasema. "Mtoto hajasahau. Anakutii."

Hilo liliniuma kuliko msiba. Miaka yote naomba watoto wanitii, na siku nimempata mmoja wa kutii, natamani angekuwa mtundu.

"Sasa nifanyeje?"

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Basi aliyekutega mpe mji, akupe jibu. Hukulelewa kwenu?"

"Nakupa Dodoma," namwambia Salha haraka haraka. Dodoma inakunjwa kama mkeka pamoja na watu wake, wengine bado na taulo begani. Salha anaipima mkononi, anairudisha. Ghafla tupo darasani kwangu, na mlango uleule umesimama mahali pa ubao.

"Nakupa Mwanza." Hiyo nayo inarudishwa, imelowa.

"Unagawa miji ya watu," anasema Kufuli. "Toa wako."

Najua anautaka upi. Nyuma ya mlango mama anaita tena, na sauti imeanza kumkauka. Maskini, hajazoea kutojibiwa.

"Nakupa Muheza, mwanangu."

Muheza yote inakunjwa: soko, michungwa, kaburi la mama, nyumba na jiko lake. Kufuli naye anakunjwa humohumo, analalamikia miwani yake. Salha anautia mji kwenye mkoba wa shule, anafunga zipu. Kutoka mkobani, mbali sana, nasikia: "Kitendawili!"

"Tega!" nikapiga kelele. "Tega, mama!" Nikajiamsha mwenyewe.

Kulikuwa kumeshakucha. Nikamkuta Salha mezani anakunywa chai, kishikwambi kimezimwa kando yake. Nikavuta kiti, nikajimiminia chai.

"Salha, ile nywila. Mimi nimeshindwa, mwanangu."

Akatua kikombe.

"Nipe mji."

"Nakupa Muheza."

"Muheza ulishanipa usiku, baba," akasema, akachovya mkate wake. "Nipe mwingine."

Nikatafuta moyoni mpaka chai yangu ikapoa. Sikupata mwingine.