Karatasi Tisa Nyeupe za Kiwanda cha Sabuni

Dada mtu alikuwa na kipaji cha kuandika barua za kuomba udhamini, na kipaji hicho ndicho kilichokuwa ugonjwa wake. Akishika kalamu tu, shirika lao la chumba kimoja na kabati bovu linageuka taasisi. Kampuni kumi na nane zilishazipokea barua hizo. Kumi na mbili zilikaa kimya, sita zikamtakia kila la heri, na kila la heri halichapi kitabu. Mdogo wake, mwalimu asiyeona, alikuwa anafundisha watoto wasioona kwa vitabu vinne tu vya nukta nundu, darasa zima. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebakiza miezi mitano. Bila mashine ya kuchapa nukta, watoto wale wangeingia chumba cha mtihani na kile walichokisikia tu masikioni.

Kwa hiyo simu ilipopigwa kutoka kiwanda cha sabuni, aliruka kitini.

"Mama, mmetuletea karatasi tisa nyeupe," karani alisema. "Hazina hata herufi moja. Mkurugenzi anauliza kama huu ni utani."

Dada mtu alitupa jicho mezani, moyo ukamshuka. Barua yake nzuri, yenye muhuri, ilikuwa ingali pale pale ndani ya bahasha yake. Aliyoikimbiza kiwandani ilikuwa bahasha ya maelezo ya mdogo wake, aliyojitobolea mwenyewe kwa nukta kwa ajili ya kujiandaa na maswali. Bahasha zilifanana kama mapacha, naye siku ile alikuwa na haraka zake. Haraka haraka haina baraka, na mama yao aliwahi kumwambia hivyo mara elfu.

"Si utani," alisema. "Ni maandishi ya wasioona. Yapapase."

Ikasikika minong'ono upande wa pili. "Anasema mje Jumanne saa nne, mmsomee."

Jumanne walikaa mbele ya meza ndefu, watu watano upande wa pili, na chumba kizima kikinukia sabuni. Dada mtu akafungua mkoba mbio mbio. "Mzee, nimekuja na nakala safi."

"Iweke tu," mkurugenzi alisema. "Barua za wino ninazo kabati zima. Nataka hii." Akamsogezea mwalimu zile karatasi tisa.

Mwalimu akapitisha vidole kwenye mstari wa kwanza, akasita. Akamwinamia dada yake. "Dada, humu nimeandika mambo."

"Mambo gani?"

"Ya kweli."

Dada mtu akamfinya paja chini ya meza. Ile barua nzuri mdogo wake aliijua kwa ghibu. Si aikariri tu, nani angemkamata? Hakuna hata mmoja pale aliyejua nukta inasema nini. Akamfinya tena. Mwalimu akasogeza paja lake, akasoma.

"'Dada ameandika kwamba tunahudumia mamia ya watoto. Ni thelathini na mmoja. Wakiuliza, nitasema thelathini na mmoja.'"

Dada mtu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"'Ameandika kwamba tuna jopo la wataalamu. Ni mimi, yeye, na mpishi wa shule anayejua kushona majalada. Wakiuliza watapata faida gani, jibu la kuwafurahisha sina. Jina lao tutalichapa kwa nukta ukurasa wa kwanza wa kila kitabu. Wenye macho hawatalisoma. Watoto watalipapasa kila asubuhi.'" Akashusha vidole mstari wa chini. "'Nasikia mkurugenzi ana mkono wa birika. Nisimbembeleze sana.'"

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akaangua kicheko, akaziba mdomo, akashindwa. Mkurugenzi mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani.

"Nani kakwambia hilo?"

"Mji mzima, mzee."

"Si ungeliruka?"

"Uliniambia nisome."

Mkurugenzi alijifuta macho. Akauliza mashine inapatikana wapi, inakula karatasi ya aina gani, na fundi wake ni nani, na safari hii mwalimu alijibu bila kupapasa chochote. Kisha mzee akawageukia wenzake, wakaitikia kwa vichwa.

"Mashine mtaipata mwezi huu huu, pamoja na karatasi za mwaka. Ila mkataba auandike mwalimu, na kila muhula aje atusomee ripoti namna hii hii." Akamtazama dada mtu kwa upole. "Wewe mama unapamba mno."

Kusemwa hivyo mbele ya watu kuliuma kidogo, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko maumivu. Waliteremka ngazi, mwalimu kashika kiwiko cha dada yake. Ngazi ya tatu, akasimama.

"Unalia?"

"Nilie nini? Vumbi hili."

"Dada, mimi ni kipofu, si kiziwi."

"Basi nalia," alisema, na akalia kwa raha zake mpaka getini.