Mrija wa Mzee Polycarpe

Kutembea, Suzana alikuwa anapenda. Hilo tusimnyime. Kiangazi kikiingia, mpunga ukishavunwa, pale Mwamkulu humkuti nyumbani hata umtafute na tochi. Leo yuko ngomani, kesho kapanda milima ya Mwese kusalimia watu ambao wala hawakumtegemea, keshokutwa yuko sikukuu ya kigango anacheza mbele kuliko wanakwaya. Na mnada wa Kabungu hakukosa hata mwezi mmoja. Ataamka gizani, ataoga, atajipaka mafuta, atafunga kanga zake mbili alizozipiga pasi ya mkaa, halafu huyo, njiani kwa miguu, anaimba.

Sasa mtu huyo huyo akifika huko, kazi yake ni kusonya. Khaa! Huyu kajikuna kwapa halafu kashika mandazi. Yule mama lishe anasuuza sahani kwenye maji yaliyokwisha kuwa uji. Wachuna ng'ombe wanakanyaga utumbo na ndala walizotoka nazo chooni, na watu wamepanga foleni wanaungoja utumbo huo huo! Jioni angerudi na habari za uchafu tu, azisimulie kwa utamu mpaka majirani waweke kijiko chini. Wenzake walimcheka, naye aliona wanamsifu.

Safari hii lakini hakwenda kutembea bure. Alikwenda na Nyanzala, kitinda mimba wake, kuonana na wakwe. Kaka zake Nyanzala walikuwa wameswaga ng'ombe mpaka Usangu, wakapotelea huko na wake zao, salamu hakuna. Aliyebaki ni huyu binti. Na huyu binti alikuwa amempenda Jean Bosco, kijana wa Katumba, mtoto wa watu waliotoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, mkulima wa tumbaku, mpole, hana makuu. Kijana alikuwa ameahidi kwamba wakioana watajenga Mwamkulu, jirani kabisa na mama. Suzana aliposikia hivyo alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu afiwe na mumewe.

Mambo ya mahari mjomba wake Nyanzala, Malale, alikwisha kuyamaliza. Lilibaki moja. Kwao Jean Bosco watu hawawi ndugu mpaka wamekunywa chungu kimoja, na baba yake, Mzee Polycarpe, alikuwa ametuma neno: siku ya mnada tutakuwa na pombe ya mtama Kabungu, mama Nyanzala aje tunywe.

"Kunywa kuna nini?" Suzana alisema njiani. "Kwani nimezaliwa jana?"

"Ni kwa mirija, mayu," Nyanzala akamwambia mama yake. "Watu wote chungu kimoja."

"Nimesikia."

"Mzee akikupa, pokea tu. Usiseme neno. Nakuomba."

"We mtoto! Unanifundisha adabu mimi?"

Jua lilikuwa limepanda, vumbi jekundu limewafika magotini, na mbele yao milio ya ng'ombe ilianza kusikika.

Ulikuwa ule mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi wa kwanza, kila mti wa mnadani umebandikwa karatasi za wagombea, na chini ya kila mgombea mtu kajisaidia haja ndogo. Suzana aliziba pua. Damu ya ng'ombe ilikuwa imeganda mchangani, nzi wamejaa juu yake, wanatoka hapo wanakwenda kutua kwenye midomo ya watoto. Mzee mmoja alikohoa, akavuta kitu toka kifuani, akakitema karibu kabisa na kanga yake. Suzana akaivuta kanga pembeni. Siku nyingine angelifurahia jambo hilo, angelihifadhi la kusimulia. Leo hakuwa na hamu nalo.

Waliwakuta wakwe nyuma ya wauza mitumba, chini ya turubai. Chungu kilikuwa katikati, kikubwa, cheusi, povu la kahawia limevimba mdomoni, na mirija imechomekwa humo kila upande. Wanaume na wanawake walikuwa wamekizunguka kwenye vigoda. Mtu anafyonza, anapumzika, anamwachia wa pembeni mrija ule ule, huyo naye anafyonza. Jean Bosco aliruka kuwapokea. Shangazi yake, Apollinarie, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimkumbatia Suzana, shavu hili na shavu hili, jasho kwa jasho. Suzana alivumilia.

Halafu akamwona Mzee Polycarpe.

Jamani. Mzee alikuwa mtu wa heshima, hilo lilionekana hata kwa namna wenzake walivyomsogelea kwa kuinama. Lakini kinywa chake! Meno ya mbele hayakuwepo. Ugoro ulikuwa umemchirizika toka puani mpaka kwenye masharubu, na masharubu yenyewe yalinasa pumba za mtama. Alikuwa anafyonza kwa sauti, macho kayafumba. Alipomwona mgeni akautoa mrija kinywani, na uzi wa mate ukautoka mdomo wake ukafuata mrija, ukarefuka, ukarefuka, usikatike.

"Mama Nyanzala," mzee akasema, "karibu. Umetuheshimu sana kwa kutembea mpaka huku."

Akamnyooshea mrija wake mwenyewe.

Pale chini ya turubai watu waliacha kunywa, wakatazama. Apollinarie akamnong'oneza Suzana kwamba mrija huo mzee hampi mtu hivi hivi. Wadogo zake mwenyewe wengine hawajawahi kuupewa. Nyanzala alikuwa amepiga magoti pembeni, anamtazama mama yake usoni, hapepesi macho.

Suzana akaupokea. Alikuwa ameshakata shauri, na tumsifu kwa hilo, maana ndani yake kila kitu kilikuwa kinamwambia kimbia. Akajiambia ni dakika moja tu. Funga macho, fyonza, meza, basi, mtoto atakaa jirani na wewe mpaka uzikwe. Akauinamisha mrija. Tone likasogea kwenye ncha yake, zito, la kahawia.

Mkono wake ukafuta. Sijui tuseme ni yeye au ni mkono. Alikamata pindo la kanga, akaufuta mrija ule, akaufuta tena kwa nguvu kama mtu anayesugua sufuria, ndipo akautia mdomoni na kufyonza.

Pombe ilikuwa ya vuguvugu. Ganda la mtama likamkwama kooni. Akawaza vile vinywa vyote, mapengo, ugoro, na ule uzi wa mate, na hapo tumbo likasema sasa basi. Alitapika pale pale, mbele ya chungu, kwenye miguu ya Mzee Polycarpe.

Hakuna aliyepiga kelele. Kutapika si kosa, mtu huumwa. Jean Bosco alikimbilia maji. Apollinarie alipiga magoti, akafukia matapishi kwa mchanga kwa mikono yake mitupu, akanawa, akachota maji kiganjani, akamfuta Suzana mdomo polepole huku anamwita dada.

"Toa mikono yako hapo!" Suzana akafoka, akausukuma ule mkono. "Toa! Mmenilisha uchafu wenu, sasa mnanishika!"

Mzee Polycarpe aliangalia pindo la kanga lililofuta mrija wake. Aliinua mguu mmoja, akaukung'uta, akauinua na wa pili.

Nyanzala akasimama. Akauokota mrija pale ulipoanguka mchangani, akautia mdomoni hivyo hivyo na vumbi lake, akachomeka ncha ndani ya chungu, akafyonza mpaka macho yakatoka machozi. Kisha akaupeleka kwa mzee kwa mikono miwili. Mzee akaupokea, akanywa. Wote wakapumua.

Kurudi walirudi wawili tu, mama mbele, binti nyuma. Suzana alitema mate njia nzima. Alitema, akasukutua kwa maji ya kisima, akatema tena. Walipofika mahali njia inapopita mashamba ya tumbaku ndipo akapata la kusema.

"Si wamekubali? Nimeona mzee kanywa. Mambo yamekwisha."

"Yamekwisha, mayu. Ndoa ipo."

"Basi. Kesho nimwonyeshe mwenzio kiwanja. Pale kwenye kichuguu panafaa."

"Hatujengi Mwamkulu," Nyanzala alisema. "Nimemwambia Jean Bosco pale tulipoagana, tujenge kwao, Katumba."

Suzana akageuka. "Yeye ndiye aliyeahidi! Amekataa?"

"Hakukataa. Mimi ndiye nimekataa."

"Kwa sababu ya mrija? Mwanangu, mimi tumbo langu ndivyo lilivyo, wewe unanijua tangu—"

"Nitazaa, mayu," Nyanzala akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Wajukuu zake yule mzee. Watakuja kukukumbatia na makamasi yao. Sitaki kukaa pale nikuangalie unavyojifuta."