Kuku wa Saa Saba

Kituo cha televisheni cha mji ule kilikuwa na vyumba viwili, kamera mbili na kamati ya watu kumi na mmoja. Kilikuwa mali ya wananchi, maana yake kila mtu alikuwa na maoni na hakuna aliyekuwa na muda. Muda alikuwa nao Fundi peke yake, aliyefiwa na mkewe miaka mitatu nyuma. Alijitolea kila siku kurusha matangazo ya maji kukatika, ya mbuzi waliopotea, na vikao vya halmashauri ambamo hata wajumbe wenyewe walisinzia.

Saa saba mchana kila kitu kilisimama kwa saa nzima ili watu wakale. Kwenye skrini ilibaki picha moja: kuku aliyeatamia televisheni, kachorwa kwa kalamu za rangi, ana miguu mitatu, na chini yake maneno TUNARUDI SASA HIVI. Aliyemchora ni binti yake Fundi, akiwa na miaka minane, enzi zile akitoka shule anashinda kituoni. Mguu wa tatu alisema ni wa akiba.

Binti sasa alikuwa mtu mzima, akiishi upande wa pili wa mji, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na hakuwa amesema na baba yake tangu mazishi. Mama alikata roho mchana wa kikao cha bajeti. Kituoni kulikuwa na sheria kwamba kabla ya kurusha moja kwa moja, simu zote zinazimwa mlio na kutiwa kwenye kikapu mlangoni. Fundi alipoitoa ya kwake jioni, alikuta binti amepiga mara kumi na tisa.

Tangu hapo hakujua kama binti anaangalia kituo au la. Lakini kila saa saba alimweka yule kuku, kama mtu anayepita mbele ya nyumba fulani kila siku na kukohoa kidogo, ili asikike yupo.

Ijumaa moja Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, akamletea picha mpya iliyotengenezwa kwa kompyuta.

"Mzee wangu, usinielewe vibaya. Kuku wetu amechoka. Jumatatu tuweke hii."

"Kuna mtu kalalamika?"

"Hakuna. Ndiyo shida yenyewe. Hakuna anayemtazama."

Neno lile lilimchoma Fundi, ila akaitikia tu, "Sawa, Mwalimu," kama mtu mzima anavyotakiwa.

Siku hiyo mtangazaji alikuwa na mafua, kwa hiyo Fundi akasoma matangazo mwenyewe, maiki ndogo isiyo na waya imebanwa kwenye kola. Ilipotimia saa saba akaingia chumba cha mitambo na kumrusha kuku hewani. Vitufe vilikuwa viwili, cha picha na cha sauti, na kwa miaka ishirini na sita mkono wake haukuwahi kusahau cha pili. Leo macho yalikuwa kwa kuku. Akakisahau.

Akafungua kibakuli chake, akala peke yake kama kawaida. Na kama kawaida ya wanaokula peke yao, akaanza kuongea.

"Haya, ndugu yangu kuku, Jumatatu unastaafu. Mimi sasa nitamsalimia mwanangu kupitia nani? Ningeisikia ile simu ningetoka mbio, wajumbe wabaki wanagombana na kamera. Sikuisikia. Lakini basi si ningemwambia hivyo? Mtoto kafiwa na mama yake, ananiuliza nilikuwa wapi, namjibu kazi ni kazi. Kazi ni kazi! Baba mzima, mpumbavu."

Akapenga kamasi kwa kishindo. Simu ya mezani ikalia.

"Kituo cha wananchi, karibu."

"Baba, sauti."

Ndivyo alivyokuwa akimkumbusha alipokuwa mdogo, kalamu mkononi, bila kuinua kichwa.

"Hujazima sauti. Mji mzima unakusikia unavyotafuna."

Akageuka. Taa nyekundu ya kitufe ilikuwa inawaka. Aibu ikampanda mpaka masikioni, akanyoosha kidole. Hapo ndipo alipojisikia mwenyewe ndani ya simu: pumzi zake na mlio wa kiti chake, vikitoka kwenye televisheni ya binti yake. Alikuwa ameiwasha. Na Fundi alijua kwamba akishazima, binti hatakuwa na sababu nyingine ya kubaki kwenye simu.

"Baba, zima basi."

"Umekula?" akauliza, na neno likamrudia kutoka sebule ambayo hajawahi kuingia.

Akasubiri, kidole hewani. Swali lilisikika mji mzima. Jibu alilisikia yeye peke yake.

"Bado."