Tangazo la Kifo cha Mzee Mushumbusi

Wiki ya uchaguzi mtandao ulizimwa, na hakuna mkubwa aliyejisumbua kueleza. Vestina alizipata habari kwa Jamali, mnunuzi wa dagaa: wanaume wawili wasio na sare walikuwa wakishinda mwaloni Muleba, pale boti za ziwani zinapotia nanga, na picha ya kaka yake, Avit.

Kosa la Avit lilikuwa kurekodi vijana wakipigwa na askari sokoni na kuirusha video mtandaoni. Akakimbilia kisiwani Goziba, na tangu hapo yeye na Vestina walikuwa wakiandikiana mtandaoni tu, maana simu za kawaida waliamini zinasikilizwa. Sasa mtandao haupo, na Jumamosi mchana Avit angepanda boti kurudi nyumbani, kama alivyoandika mara ya mwisho, akidhani mambo yametulia. Jamali hakuthubutu kuvuka kumwonya. Ana watoto, na Vestina hakumlaumu.

Ikabaki redio. Habari zake zilikuwa zimechujwa hadi zikabaki mpira, muziki na matangazo ya vifo. Haya ya mwisho, Mhaya aliye mbali na kwao hayakosi hata akose chakula.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Vestina akatoka mtaani kwake Bilele kwenda kituo cha redio kutangaza kifo cha baba yao. Baba yao alikufa zamani, na Avit ndiye aliyebeba msalaba siku ya mazishi. Akilisikia tangazo, angejua tu kwamba nyumbani kuna hatari.

Bwana mmoja mwenye tai, aliyewekwa pale kukagua kila kinachosomwa, alilisoma tangazo mara mbili.

"Hamtamsubiri mtoto wa kiume? Tangu lini Wahaya mnazika hivyo?"

Vestina akainamisha kichwa, akamjibu kwa heshima ya Kihaya. "Maiti imeharibika, waitu. Haingoji."

Bwana akagonga muhuri. "Poleni."

Tangazo likasomwa: Mzee Gozbert Mushumbusi wa Izimbya amefariki, anazikwa leo, na Avit, popote alipo, asije, hasubiriwi.

Katika ujanja wake wote, Vestina alisahau kwamba kijijini kwao Izimbya nako kuna redio. Alipofika nyumbani, kibanja chao cha migomba kilijaa watu. Wanawake walikuja na mikungu ya ndizi, wanaume na majembe, na wote hao walimzika mzee yule yule miaka iliyopita. Mama yake, Ma Gaudiosa, alikuwa amekaa kwenye nyasi zilizotandikwa. Kando ya kaburi la baba walisimama wanaume wawili wageni, mmoja na picha ya Avit mkononi. Neno moja tu la jirani, na kaka yake amekwisha.

"Amezikwa saa ngapi?" mmoja alimuuliza Datius, jirani yao.

Datius aliegemea jembe lake. Nyasi za juu ya kaburi la zamani alikwisha kuziparura, na udongo ulionekana mbichi. Alisikia redioni kwamba Avit asije, akaelewa, na wenzake pia.

"Asubuhi, waitu. Mmechelewa."

Hapo Ma Gaudiosa akapiga yowe, na kibanja kizima kikaitikia. Vestina alilia kweli, kwa hofu, na kwa jinsi alivyowapenda watu wale.

Wageni walimsubiri Avit hadi jioni, wakala ndizi za msiba bila aibu, wakaondoka mikono mitupu. Avit hakuja. Vestina alimshukuru Mungu kwa sauti.

Mama yake alijifuta uso kwa kanga.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Ameelewa. Na siku nitakayokufa mimi, mkimtangazia aje, ataamini?"

Vestina alimshika mkono, akamwinua kutoka kwenye nyasi.