Sifuri ya Shangazi

Ukitaka habari yoyote katika karakana ile ya kushona sare za shule, hukwenda ofisini. Ulimwendea Gazeti, cherehani ya tatu kutoka mlangoni. Alijua nani kachumbiwa, nani kaachwa, nani kanuna na kwa nini. Mdomo wake haukuwa na likizo. Ndiyo maana yaliyompata Shangazi yalimkaa kooni kama mfupa.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mjane, wanawe wametawanyika, nyumbani yeye na kuta. Hapa karakanani ndipo alipobaki na watu wa kumwita. Kila asubuhi aliwatangulia wote, akapita cherehani zote ishirini na nne: anazungusha gurudumu kwa kiganja, anapapasa ncha ya sindano kwa ukucha, anatia tone la mafuta, anakaza mkanda. Sindano butu aliing'oa kabla haijamkatikia mtu. Mchana alikaa kwenye kistuli chake pembeni, akisikiliza. Akisema tu kwamba ya kumi na moja inakohoa, kweli, ukiifungua unakuta uzi umejisokota ndani. Washonaji walishasahau kero ya sindano kukatika.

Akaja meneja mpya. Hakuwa mtu mbaya, alisalimia hata wafagiaji, ila aliamini macho yake. Akatundika ubao ukutani, jina la kila mtu na mashati aliyomaliza kwa wiki. Wiki ya kwanza, Shangazi alipata sifuri.

Gazeti akaona hatari. Wakati wa chai akawakusanya wenzake, wakakubaliana kila mmoja atoe shati moja kwa wiki, liandikwe la Shangazi. Mwenyewe alikataa. Alisema hajashona shati tangu macho yalipoanza kumsumbua, watu wazima wataanzaje kudanganya ubao?

"Shangazi, nyamaza," Gazeti akamwambia. "Umetubeba miaka mingapi? Acha na sisi tukubebe kidogo."

Akacheka kwa haya, akakubali. Wiki iliyofuata ubao ukamwandika ishirini na nne, na watu wakamtania kwamba sasa amekuwa fundi. Wiki tatu zilizofuata, namba ikawa ileile.

Mwisho wa mwezi akaitwa ofisini. Gazeti akajipachika nyuma yake bila kualikwa. Meneja alionekana hana raha, kalamu inazunguka vidoleni.

"Mama, ile wiki ya sifuri nilitaka kukuita nikuulize kazi yako hasa ni ipi," alisema. "Nilidhani kuna kitu sikioni. Halafu nikaona kumbe unashona. Lakini wiki nne mfululizo ni ishirini na nne tu, na aliye juu yako tu ana sitini."

Gazeti akafungua mdomo. Shangazi akamfinya mkono, akaukaza. Ndipo Gazeti akaelewa: likimtoka neno moja, ishirini na nne wote wameandika uongo ubaoni, na wote nje. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaufunga mdomo.

"Ni umri, baba," Shangazi akasema. "Mikono imechoka."

Akapokea barua yake ya kuachishwa kazi, lakini hakwenda nyumbani moja kwa moja. Wenzake walipokuwa kwenye chai, alipita cherehani zote, moja baada ya nyingine, akabadilisha kila sindano, akatia mafuta, akakaza mikanda. Gazeti alimkuta anajipangusa vidole kwa kitambaa.

"Hizi zitawafikisha siku kumi," Shangazi akamwambia. "Baada ya hapo muwe mnasikiliza."

Akachukua mkoba wake. Kistuli akakiacha.

Wiki iliyofuata cherehani zilikwenda kama maji. Ijumaa meneja alisimama mbele ya ubao, uso umemchangamka. Alisema hajawahi kuona idadi kama ile tangu afike, na kwamba uamuzi mgumu nao una faida yake. Akawaomba wajipigie makofi.

Wakapiga. Gazeti naye akapiga, macho yake yako kwenye kistuli pembeni, ambacho mtu alishakirundikia mashati.

Kisha akarudi kwenye cherehani yake. Akaegemeza ukucha kwenye ncha ya sindano, polepole, kama alivyomwona Shangazi akifanya kila siku. Akaupitisha mara moja, akaupitisha tena. Hakujua alitakiwa asikie nini.